Msanii na Msikilizaji Hawana Ugomvi

Kila sheria ya hakimiliki inapoguswa, iwe Dodoma au Nairobi, wanaojaza viti vya mbele kwenye mikutano ya wadau ni wale wale, na madai yao ni yale yale. Mengine husemwa na wanasheria wa kampuni za kurekodi, mengine na wenye vituo vya redio, mengine na wasanii wenyewe, ambao wameyasikia mara nyingi hadi wakayaamini. Nimechukua yanayorudiwa zaidi niyajibu. Sitayapa nafasi sawa, kwa sababu mengine hufa kwa sentensi chache na mengine yamejichimbia ndani ya mikataba.

"Miaka 50 ni michache mno. Tuifikishe 70 kama Ulaya na Marekani, msanii anufaike."

Msanii yupi? Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa Januari 1979. Tanzania na Kenya hulinda kazi kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo tungo zake zitakuwa huru mwanzoni mwa 2030. Ukiongeza miaka 20, zitakaa kifungoni hadi mwisho wa 2049. Sasa chukua mjane yeyote wa mwanamuziki wa enzi zile ambaye miaka 40 imepita bila kupokea hata barua ya hesabu. Miaka 20 ya nyongeza itamletea nini, ikiwa waliokuwa na wajibu wa kumlipa katika ile ya kwanza hawakumtafuta? Na kijana anayeingia studio leo hatunzi vizuri zaidi kwa kuahidiwa kwamba kitukuu chake atalipwa karne ijayo.

Anayenufaika na nyongeza ni yule anayeshikilia haki nyingi za marehemu wengi kwa wakati mmoja, na huyo ni kampuni. Marekani iliongeza miaka 20 mwaka 1998, na Disney ilikuwa miongoni mwa waliopigia debe sheria ile. Kwa miongo miwili hakuna kazi iliyochapishwa ambayo ilifikia ukomo wa ulinzi wake huko, hadi Januari 2019.

Kwetu hasara tungeiona rafuni. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa hesabu ya miaka 50, kazi zake ni mali ya umma tangu mwanzo wa 2013: mchapishaji wa Tanga anaweza kutoa toleo la bei ya mwanafunzi, kikundi cha maigizo kinaweza kuipandisha jukwaani Kusadikika, na hakuna wa kuwatumia hati ya madai. Kwa hesabu ya miaka 70, wangesubiri hadi 2033. Mwalimu Nyerere alipomleta Shakespeare kwa Kiswahili, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hakumwomba mtu ruhusa wala hakulipa ada, kwa sababu Shakespeare ni wa kila mtu. Tafsiri zile, kwa upande wao, ni kazi mpya zenye ulinzi wake hadi mwisho wa 2049. Mtunzi mmoja huokota kilichoachwa wazi na mwingine, akaongeza chake. Anayebana mlango huo anawabania watunzi wa kesho kabla ya kumbania mtu mwingine yeyote.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba hoja ya kurefusha muda inamsahau mtu pekee mwenye sababu ya kuudai. Mtunzi analindwa maisha yake yote na zaidi. Mwimbaji au mpiga chombo ambaye hakutunga ana hakishiriki, na kiwango cha kimataifa cha hakishiriki chini ya mkataba wa biashara wa TRIPS ni miaka 50 inayohesabiwa tangu onyesho au rekodi, si tangu kifo. Mpiga tarumbeta aliyerekodi mwaka 1970 akiwa na umri wa miaka 22 alifikia ukomo wa haki yake mwisho wa 2020, akiwa na miaka 72. Bado yu hai, rekodi bado inapigwa harusini, na kisheria hadai chochote. Ulaya ilipopeleka muda wa wapigaji hadi miaka 70 kwa rekodi, mwaka 2011, ilifunga nyongeza hiyo kwa masharti. Kampuni itenge asilimia 20 ya mapato ya miaka ile kwa wanamuziki waliolipwa mara moja tu studioni, na isipouza rekodi, mpigaji aweze kuichukua. Wanaotutaka tuige Ulaya huitaja namba 70, masharti wakayaruka.

"Bila cheti cha usajili huna haki."

Si kweli, na si kweli tangu zamani. Mkataba wa Berne, ambao Kenya iliingia mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unakataza haki ya mtunzi isitegemee taratibu zozote za kiofisi. Haki huzaliwa pale shairi linapoandikwa au wimbo unaporekodiwa. Cheti cha COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au cha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni ushahidi, na ushahidi una manufaa yake mahakamani, lakini ushahidi hupingwa. Wimbo wa "Malaika" umezunguka dunia kwa jina la Fadhili William, na hadi leo wanatajwa watu wengine kuwa watunzi wake wa kweli. Daftari huonyesha nani aliwahi kuandikisha. Nani aliwahi kutunga ni swali jingine.

"Hakimiliki ni mambo ya Wazungu. Kwetu sanaa ni ya jamii."

Husemwa kwa majivuno ya utamaduni, hasa na mtu anayetaka kuuchukua wimbo wa mwenziwe bila kulipa. Sheria yenye jina hilo ililetwa na mkoloni, sawa. Wazo la kwamba kazi ina mwenyewe halikuletwa naye. Fungua tenzi za Lamu, Pate na Mombasa uende kwenye beti za mwisho. Mara kwa mara utamkuta mtunzi amejitaja jina, ametaja mwaka wa Hijria, na wengine wamehesabu beti zao. Kuhesabu beti kulikuwa na kazi yake. Mnakili akiongeza ubeti au akiudondosha, msomaji atamkamata. Sheria za leo zingeuita ulinzi huo haki ya kimaadili, yaani haki ya kutajwa na haki ya kazi yako kutoharibiwa, na washairi wa pwani waliuweka ndani ya shairi lenyewe.

Ngoma, hadithi na nyimbo za kabila zisizo na mtunzi mmoja zinahitaji utaratibu wake, na Kenya ilizitungia sheria ya peke yake mwaka 2016. Lakini kuzitumia ngoma za jamii kama kisingizio cha kutomlipa mtu mwenye jina, simu na akaunti ya benki ni ujanja tu.

"Aliuza kwa hiari yake. Mkataba ni mkataba."

Hapa ndipo penye kazi. Dai hili lina nguvu kwa sababu nusu yake ni kweli. Bila mikataba inayoheshimiwa, hakuna atakayeweka fedha kwa kijana asiyejulikana, na wasanii wanaosaini na lebo tatu kwa mpigo wapo. Lakini tuangalie hiyo hiari inavyokuwa siku ya kusaini.

Siku hiyo hakuna ajuaye wimbo utafika wapi. Prodyuza hajui, msanii hajui. Tofauti ni kwamba kampuni husaini wasanii wengi, mmoja akitamba akafidia hasara ya waliobaki. Msanii anasaini mkataba mmoja, kodi ya chumba ikiwa imechelewa. Akiwekewa mezani fedha taslimu upande mmoja na asilimia ya baadaye upande wa pili, atachukua taslimu, na wala si ujinga. Ujinga ni wa sheria inayochukulia kwamba bei ya siku ile ndiyo bei ya haki kwa miaka yote itakayofuata.

Solomon Linda alirekodi "Mbube" mjini Johannesburg mwaka 1939 akiwa na kundi lake la Evening Birds. Haki za wimbo zikaishia mikononi mwa kampuni ya Gallo kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari. Pete Seeger na wenzake wakauimba kwa jina la "Wimoweh", baadaye ukawa "The Lion Sleeps Tonight", ukaingia hadi kwenye filamu ya The Lion King ya Disney. Linda alifariki mwaka 1962, maskini. Kilichowafaa binti zake miaka mingi baadaye hakikuwa kuthibitisha kwamba baba yao alilaghaiwa, maana karatasi zilikuwepo na sahihi ilikuwepo. Mawakili walifukua kifungu cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika makoloni: haki ambazo mtunzi ameziuza akiwa hai hurudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake, hata mkataba useme nini. Disney ilishtakiwa Afrika Kusini mwaka 2004. Mwaka 2006 wahusika wakapatana, familia ikalipwa kwa matumizi yaliyopita na kupewa fungu la yajayo.

Sheria hiyo ya 1911 ilitumika pia Kenya na Tanganyika. Uingereza yenyewe iliachana na kifungu kile mwaka 1956, na nchi zetu zilipoandika sheria zake mwaka 1966 hazikukirudisha. Hakikurudi katika sheria ya Tanzania ya 1999 wala ya Kenya ya 2001. Kwa hiyo mkoloni, kwa sababu anazozijua mwenyewe, aliwahi kumwekea mjane wa mtunzi akiba ambayo sisi wenyewe hatukuona haja ya kumwekea.

Wala wanaosema "mkataba ni mkataba" hawawezi kusema dunia ya biashara itaporomoka. Marekani, ambayo hakuna anayeituhumu kwa kuchukia biashara, inamruhusu mtunzi kuvunja uhamisho wa haki baada ya miaka 35, na haki hiyo haiuziki hata akitia sahihi kwamba ameiacha. Sheria ni ya 1976. Kampuni za muziki bado zipo. Umoja wa Ulaya, katika maelekezo yake ya mwaka 2019, unataka mtunzi na mwimbaji wapate malipo yanayolingana na thamani ya kazi, wapewe hesabu angalau mara moja kwa mwaka, na waweze kudai nyongeza ikiwa mapato yamekuja makubwa kupita kiasi ukilinganisha na walicholipwa mwanzoni. Asiyetumia kazi aliyopewa kwa upekee anaweza kunyang'anywa.

Kwetu ningeanza na mambo madogo zaidi. Mkataba uandikwe kwa lugha anayoisoma anayesaini. Bongo Fleva na singeli zinaimbwa kwa Kiswahili, halafu mwimbaji analetewa kurasa 20 za Kiingereza cha mawakili. Kila namna ya matumizi itajwe kwa jina. Mtu aliyeuza haki za kanda mwaka 1995 hakuuza haki za kusikilizwa kwenye simu, kwa sababu kitu hicho hakikuwepo cha kuuzwa. Na haki zirudi baada ya muda maalumu, wabunge wakikubaliana ni miaka 15, 20 au 35, mradi msanii awe hai zinaporudi.

Mwimbaji na mpigaji wanahitaji kinga ya ziada, kwa kuwa wako chini zaidi kwenye meza ile. Mtunzi angalau jina lake lilichapwa kwenye lebo ya santuri. Mpiga solo, mpiga besi, mwitikiaji, nani anawataja? Miaka ya 1970 bendi kubwa za Tanzania zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, nyingine zilikuwa za jeshi, za mashirika ya umma, za umoja wa vijana wa chama. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na nyimbo zilirekodiwa katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Rekodi hizo leo ni hazina ya taifa, na kila mtu anakubali hivyo. Lakini hazina hiyo ina watu ndani yake. Hispania imelitatua sehemu ya tatizo kwa kumwachia mpigaji haki ya malipo isiyouzika: anaweza kuhamisha ruhusa zote kwa kampuni, lakini fungu lake la matumizi fulani ya rekodi hubaki lake, hukusanywa na chama chake. Hakuna wakili wa lebo anayeweza kulifuta kwa mkataba.

"Redio inamtangaza bure. Angepaswa yeye kulipa."

Na kweli wengine hulipa, kwa mlango wa nyuma, DJ anajua. Hilo peke yake lingetosha kutuonyesha kwamba matangazo haya "ya bure" yana bei.

Redio hulipa umeme, hulipa mtangazaji, hulipa kodi ya mnara. Halafu huuza dakika za matangazo kwa wenye sabuni na wenye benki, kwa sababu watu wanasikiliza, na wanasikiliza kwa sababu kuna muziki. Katika orodha hiyo muziki ndio unaoombwa uwe zawadi. Na hata kama nyimbo mpya zinafaidika kwa kupigwa, vipindi vya zilipendwa vya Jumapili vinamtangaza nani? Mwimbaji amestaafu au amelala makaburini. Hana onyesho la Ijumaa wala albamu mpya. Kilichobaki kwake ni malipo ya rekodi, basi.

Marekani ni nchi kubwa iliyokubali hoja ya redio: vituo vya kawaida vya redio huko hulipa watunzi lakini si waimbaji na wapigaji wa rekodi. Matokeo yake baadhi ya nchi nyingine nazo huwanyima waimbaji wa Marekani malipo kama hayo rekodi zao zikipigwa kwao. Hatuna haja ya kuiga hilo.

Kampuni za simu zilikuja na wimbo uleule wa kumtangaza msanii. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru Tigo iwalipe Mwana FA na AY zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ridhaa yao, na kesi ikapanda ngazi za rufaa. Ni ushindi wa kupigiwa makofi, lakini ni wa wasanii wawili wenye majina na uwezo wa kukaa mahakamani kwa miaka. Kenya ilikwenda njia nyingine. Marekebisho ya 2022 yaliandika mgao wa miito ndani ya sheria: kampuni ya simu asilimia 39.5, mtoa huduma wa kati 8.5, na kwa msanii au mwenye hakimiliki isipungue 52. Naisifu sheria hiyo nikiwa na jicho kwenye neno moja dogo, "au". Msanii au mwenye hakimiliki. Kama haki alishaziuza, zile asilimia 52 zinampita msanii na kwenda kwa mnunuzi, na tumerudi kwenye mkataba.

"Vyama vya kukusanya mirabaha vinakula hela. Vifutwe, kila msanii akusanye chake."

Hasira hii naielewa. Kenya imeona leseni zikinyang'anywa na kurudishwa: mwaka 2017 KECOBO ilikinyima chama cha MCSK leseni ikakipa kingine, MPAKE, mwaka 2019 MCSK ikarudi, na katikati kulikuwa na kesi juu ya kesi. Huku mwenye saluni au hoteli hajui amlipe nani, na mwanamuziki hajui amdai nani. Upande wa Tanzania, Januari 2022 COSOTA iligawa takribani shilingi milioni 312 kwa wasanii zaidi ya 1,100. Gawanya mwenyewe: ni wastani wa chini ya shilingi laki tatu kwa mtu. Kwa walio wengi haitoshi hata kulipia siku moja ya studio nzuri.

Lakini sema chama kimefutwa. Mwimbaji wa taarab wa Tanga atazungukaje Mwanza, Mbeya na Arusha kudai kila baa, kila hoteli, kila basi la mikoani lililopiga wimbo wake? Hawezi, na wanaoshangilia kufutwa kwa vyama wanajua hawezi. Atakayepona ni msanii mkubwa mwenye meneja na wakili. Waliobaki watakuwa wamerahisishiwa kutolipwa.

Ugonjwa wa vyama hivi unatibika, na dawa yake haina siri. Kituo kitoe orodha ya nyimbo zilizopigwa, kwa kompyuta, si kwa kukisia. Chama kichapishe kila mwaka kilichokusanya, kilichotumia na kilichogawa, kwa jina la kila mlipaji mkubwa. Kenya imeweka kanuni kwamba asilimia 70 ya makusanyo iende kwa wenye haki na gharama zisizidi 30; ni kiwango cha ukarimu kwa ofisi, lakini angalau ni kiwango kinachoweza kupimwa. Tanzania, kwa mabadiliko ya 2022, imetenganisha kazi: COSOTA inabaki ofisi ya serikali inayosimamia, na ukusanyaji unaweza kufanywa na vyama vyenye leseni. Mgawanyo huo ni sahihi. Refa asiwe na timu. Ila kama chama kipya kitaficha vitabu vyake kama cha zamani, tumebadilisha kibao cha mlangoni tu. Na fedha za waliokosa kupatikana zisiingie kwenye posho za vikao. Majina yao yatangazwe kwanza, kwa Kiswahili, redioni, kwenye vituo vilevile vilivyopiga nyimbo zao.

"Tatizo ni uharamia. Tukaze adhabu, mengine yatajipanga."

Hili nitalipitia haraka, kwa sababu historia imelijibu. Kwa miaka mingi polisi walivamia maduka ya Kariakoo, wakakamata mabunda ya CD, wakapiga picha. Mwaka 2013 Tanzania ikaleta stempu za kodi za kubandika kwenye kazi za muziki na filamu, wakati CD yenyewe tayari inakata roho. Kilichozimaliza CD bandia ni simu ya mkononi: watu walipopata njia rahisi ya kusikiliza, waliiacha ile ya magendo. Faini huenda serikalini, kifungo hakimlipi mtu mrabaha. Kijana anayejaza nyimbo kwenye flashi kwa shilingi mia chache akipelekwa gereza la Keko, msanii amepata nini? Mpe leseni ya bei ndogo ya mwaka, umlipe msanii kutoka humo. Magenge makubwa yanayouza kazi za watu kwa wingi ni jambo jingine, na sheria za kuyashtaki zipo tayari.

"Ruhusa za elimu, maktaba na wasioona ni wizi wa kistaarabu."

Wachapishaji ndio wanaolisema, na naielewa hofu yao: soko la vitabu vya Kiswahili ni dogo, na duka la steshenari karibu na chuo linaweza kutoa kopi za kitabu kizima kabla mwalimu hajamaliza mhadhara. Kitabu kizima cha mwandishi aliye hai kinachopatikana madukani, hilo silitetei, na vyama vya kurudufu kama KOPITAN na KOPIKEN vipo kwa ajili hiyo.

Lakini dai linapita hapo. Linataka hata sura moja kwa darasa iombewe ruhusa. Oxford, Cambridge na Taylor & Francis walilipeleka dai kama hilo mahakamani India dhidi ya duka la kopi la Chuo Kikuu cha Delhi, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ikawakatalia: sheria ya India inaruhusu nakala kwa ajili ya kufundishia. Sababu ni nyepesi kueleweka Dar es Salaam au Eldoret. Mwanafunzi asiye na uwezo wa kununua vitabu 15 vya kigeni hawezi kuhesabiwa kama mteja aliyeibwa, kwa sababu hakuwa mteja. Mwandishi wetu anauzwa pale shule na maktaba zinapopewa bajeti, na hakuna kifungu cha hakimiliki kinacholeta bajeti.

Kuhusu wasioona, sina subira. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unaruhusu kitabu kigeuzwe breli, sauti au maandishi makubwa bila kumwomba mwenye haki, na kivushwe mpaka kwenda nchi nyingine. Kenya imeukubali 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Afrika Kusini ilichelewa, chama cha wasioona kikaenda mahakamani, na Septemba 2022 Mahakama ya Katiba ikasema sheria iliyowazuia kusoma inavunja katiba, ikaandika yenyewe kifungu cha muda. Hakuna mchapishaji aliyewahi kufilisika kwa breli. Kinachokosekana kwetu sasa ni mashine, wasomaji wa kurekodi na maktaba za kuzihifadhi. Kuridhia mkataba bila kununua karatasi ya breli hakumsomeshi mtu.

"Tukibadili hivyo tutavunja mikataba ya kimataifa."

Dai hili huja mwisho wa mkutano, likitolewa na mtu mwenye kabrasha nene. Berne inatutaka tulinde kazi kwa miaka 50 baada ya kifo, na tunalinda. Inatutaka tusiweke usajili kuwa sharti, na hatujaweka. Matumizi huru inayaruhusu kwa hali maalumu, yasipogongana na uuzaji wa kawaida wa kazi na yasipomwumiza mtunzi bila sababu. Kopi ya sura moja kwa darasa na kitabu cha breli vinapita kwenye tundu hilo bila kukwaruza. Ama lugha ya mkataba, muda wa haki kurudi kwa msanii, hesabu ya kila mwaka, orodha ya nyimbo zilizopigwa, fungu la mpigaji lisilouzika: hayo Berne imeyaachia mabunge ya nchi. Bunge la Kenya lilipoandika asilimia 52 ndani ya sheria mwaka 2022, halikulazimika kuomba ruhusa ya wasimamizi wa Berne walioko Geneva.